Sauti ya Binti Asiyekuwepo

Wale mlionipigia simu wiki nzima kunilaumu kwamba niliikata hadithi pabaya, haya, nimerudi, punguzeni hasira. Tulimwacha Mtangazaji wetu kwenye chumba cha mitambo, hedifoni masikioni, huku Fundi Mitambo akipunguza mwendo wa kanda ya Rasharasha. Ile sauti ya binti iliyowaliza watu tangu mwezi jana ilikuwa inashuka, inashuka, mpaka ikawa sauti ya mwanamume. Na Mtangazaji aliitambua.

Ilikuwa ya baba yake.

"Rudisha nyuma," alisema.

Fundi akarudisha. *Funga dirisha, mvua yaingia, pazia lako lalowa.* Hakukuwa na shaka yoyote. Sauti ile ndiyo iliyokuwa ikimwamsha kwenda shule.

"Unamfahamu?" aliuliza Fundi.

"Ni mzee wangu."

Fundi alicheka, kisha akaona anacheka peke yake. "Yule mwalimu wa udereva?"

"Ninaye mmoja tu."

Kwa ninyi mnaojiunga nasi leo, kaeni vizuri, sitarudia. Rasharasha walikuwa vijana wanne waliotoa nyimbo sita, wakavuma kidogo, wakapotea. Mtangazaji aliikuta kanda yao chini ya boksi katika maktaba ya redio, akaipiga kwenye kipindi chake cha Jumamosi, na simu zikafurika. Kila mtu alitaka kujua yule binti mwenye sauti ile ni nani, na ilikuwaje asiwe nyota.

Bosi wa redio, mtu anayenusa faida hata akiwa na mafua, akakiuza kipindi kwa kampuni ya sabuni. Akatangaza kwamba Jumamosi hii, saa kumi alasiri, binti wa Rasharasha ataimba moja kwa moja hewani. Kazi ya kumtafuta akamtwika Mtangazaji. Asipompata, atafute na kazi nyingine. Aliyasema hayo akitabasamu, ndiyo kawaida yake.

Jumamosi yenyewe ndiyo leo, na watu walikuwa wameshakula chakula cha mchana.

"Imewezekana vipi?" aliuliza Mtangazaji. "Baba hajawahi kuimba. Hata bafuni haimbi."

"Mashine waliyorekodia ilikuwa inakwenda polepole," alisema Fundi. "Kanda ya namna hiyo ukiicheza kwenye mashine nzima, inakimbia, na sauti inapanda juu. Mimi ngoma ndizo zilizonitia shaka. Zilikuwa zinalia kama makopo."

"Niwekee kwenye simu. Hivyo hivyo ilivyo polepole."

"Unakwenda wapi? Bosi akiuliza?"

"Mwambie nimekwenda kumleta binti."

Alimkuta baba yake nyuma ya kiwanja cha mpira, kwenye lile gari lake dogo lenye breki mbili, ya mwanafunzi na ya mwalimu. Usukani ulikuwa mikononi mwa mama mmoja muuza vitambaa, ameushika kana kwamba unataka kumtoroka. Mtangazaji alisimama mbele ya gari, akalisimamisha, akaingia nyuma.

"Mwanangu, huoni nina mwanafunzi?"

"Endelea tu, Baba. Nitakaa kimya."

Hakukaa kimya. Gari lilipoingia kwenye mzunguko, aliipenyeza simu katikati ya viti viwili vya mbele, akabonyeza. *Funga dirisha, mvua yaingia.*

Mguu wa mzee ulikwenda kwenye breki wenyewe. Gari likazimika katikati ya mzunguko, na magari ya nyuma yakaanza kupiga honi kwa zamu.

"Mwalimu, mimi sijagusa kitu," alisema muuza vitambaa.

"Najua. Washa gari."

"Baba, hii ni sauti yako."

"Sauti za watu zinafanana. Klachi kwanza, mama. Haya, ufunguo."

"Mwalimu, usitudanganye," alisema muuza vitambaa, ambaye hofu ilikuwa imemwondolea adabu. "Sauti hii inanikaripia kila siku. Naijua hata nikiwa usingizini."

"Tazama mbele."

Gari likawaka, likaruka kama chura, likatoka kwenye mzunguko kwa njia ambayo hakuna aliyeichagua. Mzee alikuwa anaangalia dirishani. Kijasho chembamba kilikuwa kimeanza kumtoka kwenye upara.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza Mtangazaji. "Wiki zote hizi naupiga wimbo, wewe unazima redio, unasema kichwa kinakuuma."

"Kilikuwa kinaniuma kweli. Gia ya pili, mama."

"Baba."

Mzee alishusha pumzi. Kisha akasema, na alisema haraka haraka, kama mtu anayetua mzigo kabla mikono haijamwachia.

"Mashine yetu ilikuwa na mkanda wa mpira ndani. Mkanda ulilegea. Sisi hatukujua. Tukirekodi, tukisikiliza, tunajisikia sisi wenyewe. Tukapeleka kanda redioni. Siku wanaipiga, tumekaa wote wanne chumbani, tunasikia kasichana kanaimba wimbo wetu."

"Hamkwenda kusema?"

"Nilitaka kwenda. Mpiga gitaa ndiye alikuwa kiongozi, tulimwita Kidevu. Kidevu akasema redio wanaukimbiza makusudi ili wapate nafasi ya matangazo. Akasema wimbo unapendwa, ukienda kulalamika wataacha kuupiga, na wewe na hiyo sauti yako mtabaki mnaimbia ukuta. Onyesha taa, kushoto."

"Kushoto ipi?" alisema muuza vitambaa, ambaye akili yake yote ilikuwa kwa Kidevu.

"Watu wakaanza kuulizia binti. Magazeti yanaulizia binti. Tukaitwa kwenye jumba kubwa, tiketi zimekwisha, na sote wanne tuna ndevu. Kidevu akasema atafutwe msichana. Akapatikana. Kazi yake kusimama na kufungua mdomo, kanda inaimba, mimi niko nyuma ya pazia naiendesha mashine."

"Mashine ipi?"

Mzee alijifuta upara kwa kiganja.

"Ya kwetu. Kidevu alisema mashine za wenye jumba zitatuharibia sauti kama za redio, twende na yetu iliyo safi. Na sote tukaona amesema neno."

Msomaji, wewe umeshaiona balaa inavyokuja. Wao hawakuiona. Walikuwa vijana, walikuwa wamevaa mashati mapya, na hakuna hata mmoja aliyekaa chini akajiuliza mashine yao itaimba kwa sauti ya nani. Msichana akatokea mbele ya umati na gauni jeupe, watu wakasimama wakimshangilia, akafungua mdomo, na mdomoni mwake ikatoka sauti nzito ya dume zima.

"Walicheka?" aliuliza Mtangazaji.

"Mwanzo walicheka. Halafu wakaona wameibiwa. Halafu viti vikaanza kuruka."

"Na bendi?"

"Bendi gani? Ilifia pale pale. Redio wakasema tumewadanganya, wakaacha kupiga nyimbo zetu. Kidevu aliuza gitaa, akahama mji."

Sasa mnajua kwa nini Rasharasha hawakuwa nyota. Hakuna aliyewaloga na hakuna aliyewaonea. Ni mkanda wa mpira, na vijana wanne walioamini kwamba dunia nzima ndiyo imekosea ila mashine yao. Mimi nimelijua hilo muda wote ninaowaandikia hadithi hii na bado linaniuma, kwa sababu nyimbo zile zilikuwa nzuri.

"Ndiyo maana huimbi," alisema Mtangazaji. "Kwa sababu walikucheka."

"Kuchekwa si kitu."

"Ila?"

"Vilipoanza kuruka viti, mimi nilitoka kwa mlango wa nyuma."

"Baba, kila mtu angetoka."

"Yule msichana hakutoka," alisema mzee. "Alisimama pale pale. Viti vinapita, watu wanamzomea, yeye anafungua mdomo na kuufunga, mstari kwa mstari, mpaka wimbo ukaisha. Kazi aliyopewa aliimaliza. Mimi nilikuwa nimeshavuka barabara, naisikia sauti yangu inatoka mle ndani, na mimi simo."

Muuza vitambaa alikuwa analia waziwazi, na gari lilikuwa upande usio wake wa barabara. Mzee aliusogeza usukani kwa kidole kimoja bila hata kutazama.

"Msichana huyo yuko wapi sasa?" aliuliza Mtangazaji. "Nikimpata yeye, angalau..."

Baba yake alimtazama kwenye kioo. "Asubuhi ulipotoka nyumbani, ulimwacha anafanya nini?"

Ilimchukua Mtangazaji muda kuelewa. Nyumbani alikuwa amemwacha mtu mmoja tu, akipiga pasi huku akisikiliza taarifa ya habari.

"Mama?"

"Nilikwenda kwao kumwomba radhi. Nikaenda tena. Nilikwenda mara nyingi mno, mpaka baba yake akaniuliza nina nia gani."

Kabla Mtangazaji hajajibu, simu ikaita mkononi mwake. Alikuwa Fundi, ananong'ona kama mtu aliyejificha chini ya meza.

"Dada, rudi haraka. Binti amepatikana."

"Binti gani?"

"Wa Rasharasha. Amekuja mwenyewe na mkoba wake, Bosi amempokea kwa mikono miwili. Watu wa sabuni wanampiga picha." Fundi alishusha sauti zaidi. "Dada, ni mama yako."

Simu ilikuwa na sauti kubwa, na gari ni dogo. Mzee alikuwa amesikia kila neno.

"Simamisha hapo," alimwambia mwanafunzi wake. "Hama kiti."

"Mwalimu, muda wangu haujaisha."

"Utaumalizia ukiwa umekaa hapa."

Yaliyofuata muuza vitambaa atayasimulia mpaka kwa wajukuu. Mtu aliyemfundisha kusubiri, kupisha na kutazama vioo alipita kila upenyo uliokuwa wazi, na mwingine ambao haukuwa wazi.

"Hukuonyesha taa, Mwalimu."

"Ndiyo."

"Na pale palikuwa na alama ya kusimama."

"Ndiyo, mama. Umeshika masomo vizuri."

Mapokezi ya redio yalikuwa yamejaa mabango ya sabuni, kila bango na picha ya kuchorwa ya msichana mwembamba mwenye povu hadi mabegani. Bosi alikuja mbio, meno nje.

"Kumbe binti ni mama yako, na ulikuwa unanizungusha tu," alimwambia Mtangazaji. "Nimekusamehe. Ingia, bado dakika chache."

Ndani ya studio, Mama alikuwa ameketi mbele ya maikrofoni, amevaa lile gauni lake la kuendea harusi za watu. Mkoba alikuwa ameupakata. Mtangazaji aliinama karibu naye.

"Mama, unafanya nini?"

"Jana nilikusikia ukiongea na simu chumbani. Ulisema asipopatikana binti, kazi huna." Aliunyoosha mkunjo kwenye gauni. "Binti ni mimi. Wapige kanda, mimi nitafungua mdomo. Hii kazi naijua."

"Kwa redio? Nani atakuona?"

"Hao wa sabuni na kamera zao. Picha zitakwenda kwenye simu za watu. Usijifanye hujui."

"Baba amenieleza kila kitu."

Kwa mara ya kwanza mikono ya Mama ilitulia. "Amekueleza? Yeye mwenyewe?"

"Yuko hapo mlangoni."

Na kweli alikuwa hapo, upara unang'aa kwa jasho, viatu vimejaa vumbi la kiwanja cha mpira. Bosi alimtazama, akamtazama Mtangazaji, akaanza kushtuka.

"Mzee huyu ni nani?"

"Ndiye aliyeimba," alisema Mtangazaji. "Nyimbo zote sita. Kanda ilikuwa inakimbia. Hakuna binti, Bosi, hakuwahi kuwepo."

Bosi alifikiri kwa muda usiozidi sekunde. Kisha akaufunga mlango wa kuelekea mapokezi ili watu wa sabuni wasisikie.

"Sikilizeni. Wasikilizaji wanamtaka binti, na binti huyu hapa, ameketi. Kanda itapigwa kwa mwendo ule ule wanaoujua. Mzee, nakuheshimu sana, lakini sabuni haiuzwi kwa ndevu. Naomba ukakae nje."

Mtangazaji alimtazama baba yake. Alitegemea abishe. Alitegemea walau akohoe.

Mzee alitoka nje.

Mama hakugeuka kumwangalia. Alifungua mkoba, akatoa kitambaa, akajifuta uso, akaufunga. "Usimlaumu," alisema. "Anza kipindi chako."

Taa nyekundu ikawaka. Mtangazaji aliwasalimu wasikilizaji kwa sauti ile ile ya kila Jumamosi, na jinsi alivyoweza mimi sijui, maana ndani alikuwa anaungua. Alisema binti wa Rasharasha amefika. Ng'ambo ya kioo, Bosi alimpa Fundi ishara, na kanda ikaanza kukimbia. *Funga dirisha*, kakaimba kale kasauti kembamba. Mama akafungua mdomo. Kamera zikasogea.

Alikuwa anaiweza kazi ile kuliko mtu yeyote. Kila neno lilikaa mahali pake. Lakini vidole vyake vilikuwa vimeukaba mkoba, na Mtangazaji alipoviona, akakata kauli. Alitaka amwondoe mama yake pale, kazi iende ikitaka.

Kabla hajanyanyuka, mlango ulifunguliwa taratibu. Baba yake aliingia bila viatu, soksi tupu, ili asipige kelele studio. Akavuta kiti. Akaketi kando ya mke wake.

Kwenye meza yake, Mtangazaji aliivuta swichi ya kanda chini, akapandisha ya maikrofoni iliyokuwa mbele ya wazazi wake.

Kimya kilitanda hewani. Wenye redio nawajua, kimya kikiwapata hewani ni afadhali paa lianguke. Mzee alifungua mdomo. Hakikutoka kitu. Akaufunga, akaufungua tena. Upande wa pili wa kioo, Bosi alikuwa anampigia Fundi kelele arudishe kanda. Fundi alijibu kwamba mitambo imegoma, na mkono wake ulikuwa juu ya swichi iliyo nzima kabisa.

Ndipo Mama akaanza kuimba.

Maisha yake yote alikuwa hajawahi kuimba wimbo ule kwa sauti yake mwenyewe, na mtu angeelewa kwa nini. Ilikwaruza. Ilianza juu mno, ikateleza, ikapotea njia kwenye neno la tatu. Lakini alikazana. Alikuwa amefika kwenye pazia, na anaelekea kubaya zaidi, pale mzee aliposhindwa kuvumilia.

"Polepole," alimwambia, hewani, kwa mazoea ya kazi yake.

Kisha akaupokea mstari kutoka kwake, akauimba.

Ilikuwa sauti nzito, imechoka kidogo kingoni, haina haraka. Yale maneno ambayo binti aliyakimbia, yeye alikaa nayo. *Pazia umeliwahi, mimi niko nje, nani ataniwahi?* Mtangazaji, aliyeupiga wimbo ule mara nyingi kuliko anavyoweza kukumbuka, ndiyo kwanza aliona kwamba ni wimbo wa mtu anayelowa. Machozi yalimtoka na hakuyafuta.

Ubeti wa kwanza ukaisha. Simu zikawaka ubao mzima, na Fundi akaipandisha ya kwanza hewani kabla Bosi hajamfikia.

"Hallo, Dada wa Jumamosi?" Ilikuwa sauti ya mama mtu mzima. "Huyo mzee mmemtoa wapi? Anatuharibia wimbo. Mwondoeni, mturudishie binti yetu."

Studio nzima ilisikia. Mzee alisukuma kiti nyuma, akasimama. Mama hakumshika mkono. Alimwangalia tu.

Mtangazaji alinyoosha mkono kuikata simu.

"Iache," alisema baba yake. Akainama kwenye maikrofoni akiwa bado amesimama. "Mama, usikate simu. Binti unayemtaka ni mimi."

"Ati nini?"

"Mashine yetu ilikuwa mbovu. Ilinifanya binti, na nyinyi mkampenda, na mimi nikaona aibu kusema. Huyu hapa pembeni yangu ni mke wangu, yeye ndiye aliyezomewa kwa sababu yangu. Nisikilize ubeti wa pili. Ukiisha unitukane, na mimi sitaondoka hapa."

Kule kwenye simu kulisikika mtu akivuta kiti.

"Haya, imba," alisema yule mama. "Nakusikiliza. Lakini sikati."

Mzee aliketi. Alimgeukia mke wake, akampa nafasi yake kwenye maikrofoni, mabega yamegusana, wakaanza pamoja.

Bosi hakuwa tena nyuma ya kioo. Viatu vyake vilisikika kwenye ukumbi, vinakuja mbio, na nyuma yake watu wa sabuni wakiulizana nini kinaendelea. Mtangazaji aliacha kiti chake, akaenda kuuegemea mlango kwa mgongo, visigino vimekaza kwenye zulia. Kitasa kilizunguka mara moja, taratibu. Kisha likaja bega zima.

Wimbo ule una beti tatu, na mlango wa studio hauna komeo.